Kwa Nini Kisiwani Luhesi Hodi Haijibiwi "Karibu"

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto analia amnyonyeshe, maana habari hii haisimuliwi kwa kupaza sauti.

Kulikuwa na wakati ambapo Mto Luhesi ulipita mjini Kimwale kwa njia moja tu. Kisiwa mnachokwenda kupungia upepo, chenye bembea na mikeka na wacheza bao, hakikuwapo. Mahali pake palikuwa bonde, na bondeni palijaa nyumba. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa mwembamba, mbuzi aliuvuka bila kulowa tumbo. Masika yalipoingia, maji yaliyoshuka kutoka milimani hayakuwa na pa kwenda ila vyumbani mwa watu. Kila mwaka watu wa bondeni walipandisha vyungu darini na watoto mabegani, kisha maji yakipungua walirudi kukandika kuta zao upya.

Huko bondeni aliishi mfinyanzi mjane, Mama Nengwa, pamoja na binti zake wawili, Nengwa na mdogo wake Sikudhani. Kwa sura mabinti hao hawakufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa mrefu wa maji ya kunde, mwingine mfupi mweusi. Lakini sauti yao ilikuwa moja, nyororo na ndefu, na mama yao aliwafundisha kuivuta wanapopiga hodi ili aliye jikoni uani asikie. Aliyekuwa ndani hakuweza kujua ni yupi anayeingia mpaka amwone.

Masika moja mto ulivunja ukingo mchana kweupe. Nengwa alikuwa ametumwa machimboni kuleta udongo wa kufinyangia, na hakuonekana tena. Alitafutwa siku tisa, vijiji vyote vya chini viliulizwa, na hata kanga yake haikupatikana. Nayo desturi ya Kimwale ilikuwa kwamba asiyeonekana mwili hazikwi, na asiyezikwa matanga yake hayaanuliwi. Hivyo msiba wa Nengwa ukabaki wazi, kama chungu kisichofunikwa.

Siku ya kumi Sikudhani alirudi kutoka kwa mjomba wake, akasimama nje ya mlango, akapiga hodi kama alivyofundishwa. Alisikia chungu kikivunjika ndani. Mama yake alitoka mbio, mikono ameitanua, uso umewaka kama wa bibi harusi, kisha akamwona ni nani. Hakumkaripia. Aliketi chini palepale mlangoni, akakaa mpaka kivuli cha nyumba kikahama upande wa pili. Ndipo aliposema, "Mwanangu, wewe ni wa humu ndani. Ingia tu. Usinipigie hodi tena."

Tangu hapo Sikudhani alikohoa kidogo mlangoni, akaingia. Alikohoa hivyo kwa miaka saba.

Mama Nengwa naye alihamishia kinu chake, mkeka wake na udongo wake karibu na mlango. Kila hodi iliyopigwa aliiwahi, iwe ya jirani, ya mgeni au ya mwombaji. Palikuwa na mchimba mitaro mmoja aitwaye Chando, mtu wa masihara, ambaye hakupita hapo bila kumchokoza.

"Mama Nengwa, nimesikia jana mbuzi alikohoa hapa, ukamkaribisha!"

"Nilimkaribisha, naye akaja na maziwa. Wewe kila siku unakaribishwa, unakuja na mdomo mtupu."

"Basi kesho nitakuja na pembe."

"Njoo nazo. Nitakufunga kamba nikukamue."

Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao. Lakini Sikudhani alikuwa akimtazama, na aliona kwamba hata katika kicheko sikio la mama yake lilikuwa limeelekezwa njiani.

Mwaka wa saba Fundi Semkiwa, bingwa wa mifereji ya mashamba, aliwaeleza watu wa Kimwale neno ambalo walikuwa hawajawahi kulisikia. Alichora mchangani kwa kidole. Alisema tuchimbe njia ya pili bondeni, na udongo utakaotoka tuurundike katikati, baina ya njia hiyo na mto. Maji yakipata njia mbili hayatakuwa na haja ya vyumba vyetu. Wote walikubali isipokuwa mtu mmoja.

"Nikihama," alisema Mama Nengwa, "atakayekuja atapiga hodi kwa nani?"

Wazee walimwomba wakashindwa. Aliyemshawishi ni Sikudhani. Alimwambia, "Mama, udongo wa sakafu yako utapanda juu ya tuta. Utaonekana kutoka mbali kuliko nyumba yoyote. Akija, atajua." Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amechoka kupandisha vyungu darini, na kwa sababu hakutaka kumpoteza na mama pia. Mama akafunga mzigo wake, akahamia mlimani kwa kaka yake.

Nyumba ikabomolewa, mfereji ukapita pale pale ilipokuwa, penye kona. Lakini kila adhuhuri Mama Nengwa alishuka na ufagio wa chelewa, akafagia mahali palipokuwa na mlango wake, ambapo sasa palikuwa ndani ya mfereji. Wachimbaji walimzoea. Walimpisha, wakachimba pembeni, na alipoondoka walirudi.

Walichimba viangazi viwili. Tuta la katikati likapanda likawa refu kuliko minazi michanga. Ikabaki kizibo tu, ukuta wa udongo uliozuia mto usiingie katika njia mpya.

Sasa wachimba mifereji wa nchi ile walikuwa na kanuni yao. Kizibo hakikatwi kimyakimya. Mwenye sauti husimama juu yake, akapiga hodi mara tatu kuelekea chini. Mtu mwingine huwa ametangulia kupita mfereji mzima, akiwafukuza watu na mifugo, na anapokwisha kupanda nje mwisho wake ndipo hujibu, "Karibu!" Karibu hiyo hupewa maji. Ikisikika, majembe huanguka.

Siku ilipofika, anga la milimani lilikuwa jeusi tangu alfajiri, na mpiga hodi wao alikuwa amepigwa na kikohozi, hatoi sauti. Fundi Semkiwa alimwendea Sikudhani.

"Fundi, mimi sipigi hodi," alisema Sikudhani. "Unajua."

"Hupigi kwa mama yako. Huku unayapigia maji."

"Na mama je?"

"Mama yako yuko kwa mjomba wako, anamenya mihogo. Nimemwona asubuhi hii kwa macho yangu mawili. Binti yangu, tazama lile wingu. Tukingoja kesho, mto utachagua njia wenyewe."

Sikudhani alitazama wingu, akatazama mapaa ya Kimwale, akapanda juu ya kizibo.

Fundi hakusema uongo. Mama Nengwa alikuwa amekaa na mihogo yake asubuhi ile. Lakini aliposikia watu wakipita wakisema leo ndiyo leo, aliweka kisu chini, akachukua ufagio wake, akashuka kwenda kufagia mara ya mwisho. Chando, aliyetumwa kusafisha mfereji, alikuwa ameshaipita kona. Wakati huo alikuwa mwisho kabisa wa mfereji, akivuta ng'ombe mkaidi aliyekataa kupanda ukingo.

Sikudhani alipiga hodi ya kwanza. Kimya. Akapiga ya pili, na upepo ukaichukua. Ya tatu aliivuta, kwa ile sauti ndefu aliyofundishwa utotoni, ambayo alikuwa hajaitoa kwa miaka tisa.

"Karibu!"

Ilikuja nyembamba kutoka mbali, na nyuma yake palikuwa na maneno mengine ambayo upepo uliyafuta.

"Amejibu?" aliuliza Fundi Semkiwa.

Sikudhani alisita. Sauti ya Chando aliijua, ilikuwa nzito kama ya ng'ombe wake. Lakini upepo ulikuwa mkali, matone ya kwanza yalikuwa yameanza kumgonga mabegani, na watu sabini walikuwa wameinua majembe wakimtazama yeye. Alijiambia kwamba upepo ndio ulioipunguza sauti.

"Amejibu," alisema.

Majembe yakaanguka. Maji yakaingia.

Chando alikuwa bado na kamba mkononi alipoyasikia yakija. Alipiga kelele, "Bado! Bado!" Lakini bado yake haikumfikia mtu. Ng'ombe aliruka nje mwenyewe kwa hofu, na Chando nyuma yake. Kitu cha kwanza alichokiona juu ya povu kilikuwa ufagio wa chelewa. Aliujua. Siku ile masihara yalimtoka, wala hayakumrudia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikata kuni mteremkoni aliyasikia maneno ambayo upepo uliyafuta, na ndiye aliyeyaleta msibani. Alisema Mama Nengwa aliposikia hodi ya tatu aliuachia ufagio, akageukia upande wa juu wa mfereji, akatanua mikono, akaita, "Karibu, mwanangu! Karibu, nimekungoja!" Akaenda mbio kuielekea sauti.

Masika yale hakuna chungu kilichopandishwa darini Kimwale. Maji yaligawanyika mara mbili, yakapita pande zote za tuta, yakaungana tena chini, na tuta likabaki kavu katikati, likawa kisiwa. Mama Nengwa alipatikana siku ya pili kwenye ncha ya chini, pale maji yanapoungana tena. Alizikwa mlimani. Wazee walikaa, wakaamua kwamba kaburi lile moja litoshe kwa wote wawili, mama na binti aliyepotea, na kwamba matanga yao yaanuliwe siku moja.

Watu walikuwa wengi, hakuna ua mjini uliowatosha, hivyo walivuka kwa magogo wakaenda kuanulia matanga kisiwani. Wakati watu wazima wakila kimya, watoto waligundua mteremko wa udongo mpya. Wakaanza kubingirika mpaka chini, wakicheka. Shangazi mmoja aliinuka na fimbo.

"Waacheni," alisema Sikudhani. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile.

Baada ya arobaini wazee walitaka kugawa viwanja kisiwani, maana ardhi ilikuwa juu na mpya. Sikudhani alisimama mbele yao.

"Msijenge. Nyumba itakuwa na mlango, na mlango utapigiwa hodi. Mwenye nyumba atajibu kabla hajamwona anayeita."

"Basi patakuwa pa nini?" aliuliza mzee mmoja.

"Pa kucheza. Mtu acheze, na jua likizama aende kwao."

Hapana aliyembishia. Kizibo kilirudishwa kila kiangazi na kukatwa kila masika, naye Sikudhani kila mwaka, kabla njia ya maji haijafunguliwa, alishuka mferejini na kuupita wote kwa miguu mpaka uzee ulipomkatalia. Penye kona alisimama, akafagia.

Na tangu siku hiyo Mto Luhesi una mikono miwili, na kisiwa chake hakina paa hata moja, ila bembea, miti ya kivuli na mikeka ya watu wa jioni. Kizibo cha udongo kimekuwa lango la chuma, lakini walinzi wake bado huupita mfereji mzima kwa miguu kabla ya kulifungua, na wenye kufungua hawangoji sauti, hungoja kuwaona kwa macho wakipanda ukingo. Na mtu akivuka daraja akapiga hodi, watu wa kisiwani hawamjibu "Karibu." Huacha walichoshika, wakainuka, wakatazama alipo, ndipo wakasema, "Nakuona."

Watoto wameigeuza kuwa mchezo wa kujificha. Mmoja huita hodi kutoka nyuma ya mti, wenzake humtafuta, na anayempata hupaza sauti, "Nakuona!" Mtawasikia jioni ya leo mkivuka. Ukisikia hodi ndefu iliyovutwa, na hakuna anayeijibu, usicheke wala usiendelee na safari yako. Simama, utazame.