Mlembe na Mtaalamu wa Kusikika

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya mtu anayesinzia? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye simu aigeuze, ilale kifudifudi.

Zamani za kale, zamani ile ambayo sauti ilikuwa bado haijawa kazi ya mtu, wanyama wa Bonde la Mkenge waliishi kwa kuitana. Nasema kuitana, sisemi kupigiana kelele. Tumbili akilia, kuna chui. Kanga akilia, mvua iko njiani. Kiboko akikoroma, mto umejaa, msivuke. Hakuna aliyeuliza, "Je, leo Tumbili amelia kwa kupendeza?" Mtu alisikia, akakimbia, akapona. Basi. Ilikuwa raha, jamani. Bonde lilikuwa na ukimya wake, na ndani ya ukimya ule sauti moja ilitosha.

Katika bonde hilo aliishi ndege mdogo, rangi yake ya vumbi, umbo lake la kawaida. Jina lake Mlembe. Ukimwona humgeukii mara ya pili. Lakini Mlembe alikuwa na jicho. Nyuki akipita, Mlembe anamwona. Nyuki akiingia kwenye shimo la mti, Mlembe anajua: hapo pana asali. Na Mlembe anapenda nta, anaipenda kuliko chochote. Tatizo ni moja. Mdomo wake ni mdogo. Mzinga haupasui.

Na chini ya kichuguu aliishi Nyegere, na wanawe. Nyegere ana kucha kama majembe. Mti anaupasua, kwa! kwa! kwa! Nyuki wanatoka, vuuu! Wanamchoma, yeye anatafuna.

"Dada, kwani haumii?"

Anaumia kidogo, Zulekha. Ngozi yake nene, kama zulia. Ila Nyegere naye ana tatizo moja. Macho yake yako chini. Mzinga ulio juu ya mti hauoni mpaka aonyeshwe.

Mmeelewa? Mlembe anaona, hawezi kupasua. Nyegere anaweza kupasua, haoni. Kila mmoja bila mwenzake analala njaa.

Kwa hiyo kila Mlembe alipopata mzinga, aliruka mpaka kwenye kichuguu, akaita:

"Che-che-che! Nifuate!
Che-che-che! Ipo, ipo!"

Na Nyegere alikuwa hata hamalizi kusikia. Alitoka mbio, tifu tifu tifu, vumbi nyuma yake.

"Nakuja, dada! Tangulia!"

Mlembe mbele, Nyegere nyuma. Wakifika, kwa! kwa! kwa! Asali inamwagika. Nyegere anakula, anawabebea wanawe, na kipande kizima cha sega anakiweka juu ya jani. "Chako hicho, dada." Hivyo ndivyo walivyoishi. Kiangazi kilikuja, kikaondoka, kikawakuta wameshiba. Mimi nikikumbuka siku zile, ambazo hata sikuziona, moyo unanishika.

Sasa. Siku moja, kutoka ng'ambo ya mto, akaja Kwezi.

Mnamjua Kwezi? Mgongo wa buluu unang'aa, kifua cha rangi ya chungwa, jicho jeupe. Mzuri! Akitua tawini, tawi lenyewe linajiona limependeza. Kwezi alijua kuiga sauti ya kila mtu. Ila yeye mwenyewe hakumwonya mtu chui. Hakutangaza mvua. Nyuki alikuwa hawajui hata wakimtua usoni. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mti na kutazama nani anasikilizwa na nani. Na alipofika bondeni alijitambulisha hivi: "Mimi ni Mtaalamu wa Kusikika."

"Alisomea wapi huyo?"

Swali zuri hilo, Mjomba Shekue. Bonde zima hakuna aliyemuuliza.

Kwezi akatua karibu na Mlembe. "Dada Mlembe, habari za asubuhi. Sauti yako nimeisikia. Nzuri sana. Inapotea bure."

"Inapoteaje? Nyegere ananisikia."

"Mwingine?"

"Mwingine wa nini?"

"Mwingine anayekufuata."

"Ananifuata Nyegere," akasema Mlembe.

Kwezi akacheka, akacheka, nusura adondoke. "Mmoja! Ndege mwenye kipaji kama chako, unafuatwa na mmoja! Tena mwenyewe ananuka!"

Mlembe hakuwahi kuhesabu. Asubuhi ile aliamka ana rafiki, ana chakula, ana kazi anayoijua. Sasa akajiona mdogo. Hapo ndipo alipoibiwa, ndugu zangu. Hakuibiwa asali. Aliibiwa kutosheka.

"Nifanyeje?" akauliza.

Kwezi akakunjua bawa. "Moja, achana na kichuguu. Kichuguuni kuna nani? Ita pale kwenye mti mkavu wa bwawani, wakati wa kunywa maji, wote wapo. Halafu usingoje mzinga. Ita kila siku. Ukinyamaza siku moja, wameshakusahau. Na huo mkia uchanue, uonekane weupe wake."

"Na asali?"

"Asali baadaye. Kwanza wafuasi."

"Wafuate wakaende wapi?"

"Dada," akasema Kwezi kwa upole, kama mtu anayemhurumia mjinga, "hayo ni mawazo ya zamani. Ujira wangu si mkubwa. Matunda ya mkuyu, asubuhi na jioni."

Nawaomba mtulie hapa, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika mpaka leo. Mlembe, anayekula nta, akaanza kushinda kutwa akichuma matunda ya mkuyu ya kumlisha mtu anayemfundisha kuita, wakati kuita alizaliwa anajua. Nauliza: nani hapo alikuwa mwanafunzi na nani alikuwa mwalimu?

Lakini tuseme kweli. Mafunzo yalifanya kazi. Mlembe alipanda mti mkavu, akachanua mkia, akaita:

"Che-che-che! Nifuate!
Che-che-che! Ipo, ipo!"

Swala wakainua vichwa. Pundamilia wakageuka. Kanga wakaacha kuparura. Ngiri akatoka matopeni mkia juu. Wote wakamfuata, tifu tifu tifu tifu! Bonde lote vumbi! Mlembe akatazama chini, akaona migongo na pembe na masikio, akasikia utamu ambao nta haikuwahi kumpa.

Wakafika kwenye mti. Mti mtupu.

"Asali iko wapi?" akauliza Ngiri.

"Kesho!" akajibu Kwezi haraka. "Kesho tena hapa hapa, msikose!"

Wakacheka, wakatawanyika. Kwao ilikuwa matembezi tu. Swala anakula majani, asali ya nini?

Lakini nyuma ya kundi, akitweta, alikuwapo Nyegere. Alisikia mwito akiwa kichuguuni, akawaacha wanawe, akakimbia bonde zima.

"Dada," akasema, "mzinga umehama?"

Mlembe akatazama pembeni. "Ndiyo. Umehama."

Kesho yake tena mwito. Nyegere mbio. Mti mtupu. Kesho kutwa tena. Nyegere mbio. Mti mtupu, na wanawe kule shimoni wanalamba mawe. Siku hiyo Nyegere alikaa chini ya mti mpaka wenzake wote wakaondoka.

"Dada Mlembe, nikuulize. Unaniita au unaimba?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kwangu ipo. Kama unaimba, imba, nitakusikiliza nikiwa nyumbani na wanangu. Lakini ukiniita naacha watoto, nakuja."

Kabla Mlembe hajajibu, Kwezi akadakia, "Wivu huo! Ukipanda juu, wenye wivu hawakosi!"

Nyegere alimtazama Mlembe tu. Mlembe akatengeneza manyoya. Nyegere akarudi kwake, taratibu.

Bonde nalo likaambukizwa. Kanga akafundishwa na Kwezi, naye akajiita mtaalamu. Kanga akamfundisha Kware, Kware akamfundisha Njiwa. Kila tawi mtaalamu, na kila mtaalamu anamfundisha mwenzake namna ya kuita, na anayeita kwa kuwa ana kitu hayupo. Tumbili naye akaacha kulia kwa woga, akajifunza kulia kwa madoido. Siku chui alipokuja kweli, Tumbili akalia, na Swala wakabaki wamesimama wanamsifu: "Leo umelia kuliko jana!" Mtoto mmoja wa Swala hakuonekana tena. Mama yake alizunguka bwawa akiita, na sauti yake ikapotea katikati ya sauti zote zile.

Halafu kikaja kiangazi.

Mkuyu ukapukutika. Bwawa likawa tope. Mlembe alikuwa hajaionja nta tangu mvua za mwisho. Mabawa yake yakawa mazito. Ndipo asubuhi moja akamwona nyuki. Akamfuata. Nyuki akaingia kwenye mninga mkubwa, ndani ya uwazi wa shina. Vuuu! Mzinga! Mzinga wa kweli, umejaa, asali inatoa machozi kwenye gome.

Mlembe akaruka mpaka kwenye mti mkavu, akaita kwa nguvu yake yote:

"Che-che-che! Nifuate!
Che-che-che! Ipo, ipo!"

Wakaja. Wote wakaja! Tifu tifu tifu tifu! Wakauzunguka mninga.

"Pasueni!" akasema Mlembe.

Wakatazamana. Swala akanyanyua kwato yake, akaitazama. Pundamilia akapiga teke, gome halikusikia hata habari. Ngiri akajaribu pembe yake, ko! ko! Nyuki wakatoka, vuuu! Lo! Mbio! Kila mtu kwa njia yake! Vumbi likatua, na chini ya mninga hakubaki mtu.

Kwezi akashuka akiwa na furaha. "Hongera, dada! Leo walikuja wengi kuliko siku zote!"

"Kwezi, nina njaa."

"Unasemaje?"

"Njaa. Nitakufa."

Kwezi akajikung'uta. "Hiyo sasa si fani yangu." Akaruka zake, akaenda kumtafuta mwanafunzi mwingine.

Na Nyegere? Mwito alikuwa ameusikia. Wanawe walikuwa wamelala ubavuni pake, mbavu zinaonekana. Mmoja akainua kichwa. "Mama, si Shangazi Mlembe yule?"

"Ndiye."

"Twende?"

"Anaimba yule. Lala."

Mlembe akaenda mwenyewe mpaka kichuguuni. Hakutua juu. Alitua chini, mavumbini, mlangoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Siku hizi kila mtu ana sauti ya kila mtu."

"Mlembe, dada."

"Na kundi lako liko wapi?"

"Sina kundi. Dada, nimepata mzinga."

"Ulisema hivyo juzi. Ukasema na siku ile nyingine. Wanangu walikaa na njaa kila siku niliyokukimbilia."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa juu ya mti."

Mlembe alikaa pale mavumbini, mdomo wazi kwa joto. Mwisho akasema, "Niliongopa. Mzinga haukuwa umehama. Haukuwapo. Nilikuona unakuja mbio, na nikaendelea kuita."

Shimoni zikasikika kucha, kha, kha, kha. Nyegere akatoka. Alikuwa amekonda.

"Sitakimbia," akasema. "Nitatembea. Na wewe usiende mbali. Kaa pale ninapokuona."

Mlembe akaruka mpaka kwenye kichaka cha karibu, akageuka. Nyegere akafika, akasimama. "Kweli?"

"Kweli, dada."

Akaruka mpaka mti unaofuata, akageuka. Nyegere akafika, akasimama. "Kweli?"

"Kweli."

Hivyo hivyo, mti kwa mti, jua linawaka, mpaka mningani. Nyegere akainua pua. Akanusa. Kwa! kwa! kwa! Shina likapasuka, nyuki wakatoka, asali ikamwagika mpaka ardhini. Nyegere alikula huku analia, sijui ni nyuki, sijui ni nini. Akawapelekea wanawe. Mlembe akapata nta yake, akapona.

Walipokuwa wamepumzika, Mlembe akauliza, "Dada, tutarudi kama zamani?"

Nyegere akaendelea kujifuta. "Tumekula, dada. Tushukuru tumekula."

Ndiyo maana mpaka leo Mlembe akitaka kumwonyesha mtu asali, haiti mara moja akaondoka. Anakuja karibu. Anaruka kidogo, anarudi, anakutazama kama unakuja. Anaruka tena, anarudi. Yule aliyekuwa anaaminiwa kwa mwito mmoja, sasa kila mti anaanza upya kuaminiwa. Na Nyegere yupo, lakini kumwona akimkimbilia Mlembe kama zamani, waulizeni wanaokaa porini. Watawaambia wamesikia tu, hawajaona.

Fundisho nalisema waziwazi, asije mtu akasema hakuelewa. Sauti ni ya kumfikishia mwenzako kitu. Anayekuamini, hata kama ni mmoja, usimtupe kwa ajili ya umati uliokuja kutazama. Na akija mtu kukufundisha namna ya kusikika, muulize kwanza yeye ana lipi la kusema.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Atakayeibeba na aibebe nzima.