Mkeka Huchaguliwa kwa Mgongo

Mkeka huchaguliwa kwa mgongo. Mmeisikia leo kikaoni, mkacheka, mkauliza tangu lini mgongo ukawa na macho. Tulieni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Upare palikuwa na chama cha wakulima wa tangawizi. Katibu wake alikuwa Mzee Kajiru, ambaye maradhi yalimpofusha akiwa mtu mzima. Kompyuta ya chama ilimsomea kwa sauti kila alichoandika na kila barua iliyoingia. Kazi ile ndiyo iliyomrudisha kwa watu. Nyumbani alikuwa mgonjwa wa kushikwa mkono. Ofisini alikuwa Katibu, na watu walimsubiri yeye.

Mwaka mmoja mfumo ulioiendesha kompyuta ile ukapitwa na wakati. Ulikuwa wa kununua, na toleo lake jipya lilitaka mashine mpya. Fundi Kiangi akashauri wahamie mfumo huria, ule ambao watu huutengeneza kwa pamoja na kuuacha wazi, kila mtu auchukue na kuurekebisha apendavyo. Shauri lilikuwa jema. Kwa kuwa mifumo hiyo ni mingi, akawaonyesha wajumbe wa chama mifumo mitatu kwenye kioo cha kompyuta, nao wakachagua wenye rangi za kupendeza. Kajiru alikuwapo, amekaa kitini pake, na hakuna aliyemuuliza neno. Naye hakusema. Hapo alikosea, simtetei. Lakini mtu akishazoea kusaidiwa huona haya kuonekana msumbufu.

Mfumo ule ulikuwa mzuri, ila kwake ulikuwa bubu. Ulitaja jina la barua, na barua ikifunguliwa ukanyamaza. Barua za wanunuzi zikarundikana bila majibu. Kajiru akawa anafika asubuhi, anapapasa vitufe, anarudi nyumbani. Inauma, vijana, mtu kunyang'anywa kazi kwa sababu ya rangi asizoziona.

Kikao kilipokaa tena, mwenyekiti, Bi Namkunda, akasema kwa upole, "Katibu wetu ametutumikia vya kutosha. Napendekeza tumpumzishe."

Kumpumzisha mtu ni neno laini, lakini hata kaburini watu hupumzishwa. Kajiru alilielewa.

"Mwenyekiti, mimi sijachoka," akasema. "Mlichagua mkeka kwa rangi zake, na anayeulalia ni mimi. Mkeka huchaguliwa kwa mgongo. Kiangi, mwanangu, ile mifumo mingine miwili bado unayo?"

"Ninayo, Mzee, kwenye flashi. Naweza kuiwasha bila kufuta huu."

"Iwashe niisikie."

Wa kwanza ulisoma nusu ukakwama. Wa pili haukuwa na sura, wa kijivu kama ukuta wa saruji usiopakwa rangi, na mjumbe mmoja akaguna. Kajiru akaweka vidole kwenye vitufe, akaanza kuandika muhtasari wa kikao kile kile walichokuwamo. Kisha akaiamuru mashine isome. Sauti kavu, ya puani, ikasikika chumba kizima: "Mwenyekiti amependekeza Katibu apumzishwe."

Bi Namkunda akainamisha kichwa. Lile neno alilolitamka kwa upole sasa lilimchoma mwenyewe.

"Niendelee kuandika," Kajiru akauliza, "au niishie hapo?"

Mama yule akainua kichwa. "Endelea, Katibu. Andika kwamba mwenyekiti ameondoa hoja yake. Andika pia kwamba ameomba radhi."

Akaandika, na mashine ikayasoma hayo pia. Mfumo ule wa kijivu ndio uliobaki, na Katibu akabaki kazini. Tangu hapo, jambo likitaka kuamuliwa katika chama kile, hutafutwa kwanza yule atakayeishi nalo, aulizwe yeye kabla ya wengine. Mkeka huchaguliwa kwa mgongo.