Kikombe cha Sikuzani

Mfuata uji hurudi na jina. Mmemsikia mwalimu mkuu akimjibu hivyo yule mama aliyelalamika getini kwamba mwanawe anapenda sufuria ya shule kuliko daftari. Mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza maana. Kaeni basi, wajukuu zangu. Msemo huu ulizaliwa hapahapa, kwa wanawake wa kanisa, kabla shule haijawa shule.

Mtaa wetu wa Mbao siku hizo ulilia msumeno kila upande. Baba yuko kiwandani anapasua mbao, mama yuko msituni anabeba mabanzi, na watoto wadogo wamebaki na baridi ya Juni na milango iliyofungwa. Mama Faraja aliyajua yote hayo, maana hapakuwa na habari ya mtaa isiyopita jikoni kwake: nani kaposwa, nani katoroka, nani kapika kuku akafunga mlango. Ndiye aliyewaambia wenzake wa umoja wa wanawake, "Tunawaombea wenye njaa kila Alhamisi. Mungu keshasikia, sasa anangoja sisi tuwashe moto."

Wakaomba ghala la nyuma ya kanisa. Kila mmoja akaleta unga aliojaliwa, huyu ulezi, yule mahindi, na uji ukaanza kuchemka kila asubuhi.

Watoto walikuja kama kumbikumbi, na ugomvi wakaja nao. Vikombe vilikuwa vya bati, vingine vikubwa kidogo, na kila mtoto aliapa kile kikubwa ni chake. Mama Faraja akachukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu ya harusi, akaandika jina la kila mtoto ubavuni mwa kikombe. Shule yeye aliiacha darasa la nne, kwa hiyo aliandika kama alivyosikia. Kisha akatoa sheria: vikombe vinapangwa mezani, kila mtu anachukua chake, na anayebeba cha mwenzake anakunywa wa mwisho. Kwa baridi ile, nani alitaka kuwa wa mwisho?

Mambo yakaenda vizuri mpaka kwaya ilipopata vyombo vipya ikakosa pa kuviweka. Kwenye baraza la wazee wa kanisa, Mzee Luhwago, mwalimu mstaafu mwenye sauti kama kengele, akasema ghala lirudishwe. "Jumapili siwaoni watoto hawa," alisema. "Si wafuata neno hawa. Ni wafuata uji." Baraza likakubali.

Jina likawaganda. Hata njiani watu waliwaita hivyo. Mama Faraja alizoea kuyapokea maneno na kuyapeleka mbele, lakini hilo hakulipeleka popote. Alikuwa akimfikiria Sikudhani, mtoto mdogo kuliko wote, ambaye mama yake alitoka alfajiri na kurudi na giza. Kikombe kile ndicho kilichomshikilia mpaka jioni. Ghala likifungwa, angekwenda wapi?

Siku ya kukabidhi ufunguo, Mzee Luhwago alifika uji ukiwa bado jikoni. Akaona bora asaidie ili waishe haraka. Akajaza kikombe kilichokuwa karibu, akampa Sikudhani.

"Si changu, babu."

"Uji ni uji. Kunywa."

"Hiki cha Sikujua. Nikinywa mimi, atanuna mpaka kesho."

"Umejuaje kama ni chake?"

Mtoto akaonyesha maandishi kwa kidole. Mzee akamgeukia Mama Faraja. "Wamezoea mabonyeo ya vikombe, hawa."

"Mimi sijui, mwalimu. Mie napika tu."

Ualimu hautoki kwa kustaafu. Mzee akaokota kipande cha mkaa, akaandika mlangoni: Sikujua. Hakutamka kitu. Msichana mmoja akainuka, akasogea mbele. Akaandika Tulizo. Mvulana akaja akijifuta kamasi kwa mkono wa sweta. Mama Faraja akasahau mwiko, uji ukaanza kushika chini.

Mzee akaandika: Sikudhani. Hakuna aliyeinuka.

"Huyu nani?" akamuuliza mtoto.

Sikudhani akautazama mlango, akautazama tena. "Simjui."

"Unaona, mama? Wale wamebahatisha." Mzee akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Mama Faraja akafungua fundo la kanga. Hapo mtoto akauendea mlango, akaweka kidole juu ya herufi mbili za katikati.

"Babu, mimi sina hizi. Mimi nina hii." Akaokota mkaa, akachora zedi, imeinama kama mtu anayeona baridi.

Mzee akakitafuta kikombe chake mezani. Kiliandikwa kwa wekundu: SIKUZANI.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi," alisema Mama Faraja. "Nimekosea?"

"Umekosea, dada yangu. Umekosea vizuri." Mzee akakaa juu ya gogo la kuni. "Mtoto wa kubahatisha angekubali lolote nililoandika. Huyu kalisoma, kaona si lake, kalikataa mbele yangu mimi na mvi zangu."

"Na huu ufunguo?"

"Ufunge tena kwenye kanga yako."

"Na vyombo vya kwaya je?"

"Kwaya ina mabega. Itabeba vyombo vyake." Kisha akapokea kikombe cha uji ulioungua, akanywa wote.

Kesho yake alikuja na ubao mweusi begani. Akina baba wakaleta mbao za madawati, wanawake hawakuzima moto, na lile ghala likawa darasa la kwanza la shule hii. Jumapili Mzee alisimama kanisani akasema maneno yake yale ya wafuata uji alikuwa ameyakatisha njiani, sasa anayamaliza.

Walipotaka kulisahihisha jina la mtoto, alikataa katakata. Ndiyo maana mpaka leo mwalimu mkuu wenu anasaini kwa zedi, na mkimwona mtoto anakimbilia sufuria, yeye humpisha. Mama Faraja naye, kila akishukuru Alhamisi, hulitaja kosa lake kabla ya baraka nyingine zote.

Mfuata uji hurudi na jina.