Ndahani wa Chilewa, Koo la Mbuga

Tulieni, enyi mliozaliwa Isuvila na mtakaozikwa Isuvila, mjue ni kwa uchovu wa nani mna mahali pa kulala. Katika zama za mababu, vilima hivi vilipokuwa havina majina na watu wetu hawana nchi bali wana bwana, alizaliwa Ndahani, mwana wa Chilewa mrina asali, Chilewa mwana wa Mhuma aliyeuawa na faru, Mhuma mwana wa wale waliofukuzwa kwao na njaa wakaomba hifadhi kwa babu wa mtemi Sigala. Babu huyo aliwapa chakula, na chakula kile kikawa kamba. Waliokula wakawa wachungaji wa ng'ombe wake, watoto wao wakawa wachimbaji wa visima vyake, na wajukuu wao wakaanza kusahau kwamba waliwahi kuwa na kwao.

Ndahani alikuwa na nguvu, tena nyingi. Alishika fahali kwa pembe akamlaza chini kama mtu anavyotandika mkeka. Lakini wenye nguvu wamepita wengi na hatuwakumbuki. Yeye tunamtaja kwa zeze alilojiundia malishoni, kibuyu kikiwa tumbo lake na ukano wa swala ukiwa uzi wake, na tunamtaja kwa sauti yake, ambayo haikuwa tamu. Ilikwaruza kama jiwe la kusagia lililokosa mtama. Walimwita Koo la Mbuga, walimwita Mchovu Asiyelala, kwa maana aliimba yale ambayo kila mtu aliyarudisha nyumbani jioni mgongoni mwake: ndama aliyepotea, kisima kilichokauka, mguu unaouma, mke anayengoja. Hakupamba neno. Mtu aliusikia wimbo wake mara ya kwanza akadhani ameutunga yeye mwenyewe.

Wimbo mmoja ulizidi nyimbo zote. Wachimbaji waliuimba wakiwa ndani ya mashimo, na maneno yake yalikuwa haya:

*Njia haina mama, njia haina baba.*
*Nimechoka, nchi yangu, nisogezee kizingiti.*

Vijana wakaanza kuwauliza wazee wao, kizingiti kipi hicho, na kiko wapi. Wazee, ambao walikuwa wamenyamaza miaka mingi kwa sababu hakuna aliyewauliza, wakaanza kuvikumbuka vilima walivyosimuliwa na wazazi wao.

Habari zikamfikia Sigala, naye akamwita Ndahani barazani. Hakufoka. Alimkumbusha njaa ya mababu, akamkumbusha mtama waliopewa, kisha akamtaka aimbe mbele ya watu wote kwamba kizingiti kile ni cha nyumba ya mtemi, wala hapana kingine.

Ndahani akapiga goti, akasema, "Mtemi, ukiniambia nichimbe nitachimba, na ukiniambia nichunge nitachunga. Lakini wimbo haukula chakula chako."

Basi wakamkata vidole vya mkono wa kushoto, vile vya kubana uzi. Alipopona alijifunza upya kubana kwa kifundo cha kidole gumba, na kwa kuwa kifundo ni kizito na hakiruki haraka, sauti ya zeze ikawa inaburuzika kutoka hapa hadi pale, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Ndiyo maana mpiga zeze wa Isuvila, hata mwenye vidole vyake vyote, huiburuza sauti hadi leo. Wageni hudhani ni uvivu.

Kiangazi kilichofuata, mashujaa wa Sigala walipokwenda vitani, Ndahani aliwatoa watu wetu. Uchungaji ulikuwa umemfundisha visima vya mbuga ile, akawaongoza kutoka kisima hadi kisima, na kila walipotaka kulala njiani mchana walimwomba aimbe, akaimba. Lakini kisima cha Nghambi walikikuta tope tupu. Wakakamua maji kwa nguo, yakawatosha wenye nguvu, na wagonjwa na wazee hawakuweza kuinuka tena. Miongoni mwao alikuwa Mbeleje, mke wa Ndahani, ambaye homa ilikuwa imemshika njiani.

Ndahani akasema kwamba yeye atabaki. Mbeleje akamkatalia.

"Ukikaa chini wewe, watakaa chini wote," akamwambia. "Mbebe mtoto uende. Mvua ikinyesha, urudi utuchukue."

Ndahani akamfunga Nyemo, binti yao, mgongoni, akaenda. Tunasimuliwa kwamba siku hiyo watu walimwomba aimbe, akaimba, na hakuna aliyefikiri kwamba wangeweza kutomwomba.

Wakafika kwenye vilima hivi. Mvua ya kwanza ilifurisha mto, hapakuwa na kivuko cha kurudi Nghambi. Maji yalipopungua mashujaa wa Sigala wakaja, na Ndahani akakabiliana nao kwenye pengo lile la mawe, mkono mmoja mzima na mmoja nusu, mpaka wakachoka kufa wakarudi kwao. Hata alipopata nafasi ya kwenda Nghambi alikuta majivu ya baridi na makaburi machache. Waliosalia walikuwa wamehama, na mvua ilikuwa imefuta nyayo.

Tangu hapo kila kiangazi alitoka kuwatafuta, na kila masika alirudi peke yake. Tulipomletea kiti cha utemi alikisukuma taratibu, akasema, "Kiti ni cha mtu aliyefika. Mimi bado niko njiani." Nasi hatukumwacha apumzike. Aliporudi na vumbi miguuni tulikuwa na arusi inayomngoja, tulikuwa na maiti, tulikuwa na shamba la kupalilia. Tulimwomba wimbo, akatoa. Tukamwomba mwingine.

Uzee ukamkuta hivyo. Sauti ikawa imebaki pumzi tu alipotoka mara ya mwisho, na safari hiyo alifika mbali kuliko zote, kwenye ardhi nyeupe ya chumvi ambako watu wetu hawakuwa wamewahi kukanyaga. Kulikuwa na kijiji. Wanawake walikuwa wakipura mtama, wakiimba wimbo wake. Akaegemea ukuta, akaimba nao.

Mmoja wao, Kasinde, msichana mwenye heshima, aliiweka chini fimbo yake ya kupuria akamwendea. "Shikamoo, babu. Unaukosea. Si *nchi yangu, nisogezee kizingiti*. Sisi tunasema, *nimechoka, mwenzangu, nisogezee bega*."

"Nani kawafundisha?"

"Bibi Mbeleje, aliyewatoa wazazi wetu Nghambi. Alisema kizingiti ni cha wanaofika, na aliyetunga alikuwa hajachoka sawasawa alipotunga."

Ndahani akajitoa ukutani. Kisha akauliza bibi huyo yuko wapi, na Kasinde akamwonyesha kaburi, la zamani, limeota nyasi. Mzee akaketi kando yake, akaliweka zeze mapajani.

"Basi nifundishe," akasema.

Akajifunza. Akaishi kwao muda mfupi, akafa usingizini. Nyemo, mtu mzima mwenye wajukuu, alipofuata njia ya baba yake akafika huko, Kasinde alimpeleka kwenye makaburi mawili yaliyo karibu. Nyemo akauliza kama mzee yule aliwaambia yeye ni nani.

"Hapana," akajibu Kasinde. "Alituambia yeye ni mwanafunzi wa Bibi Mbeleje."

Nyemo alirudi na wengi wa watu wa chumvi, wakajenga kati yetu, na sisi tulioketi hapa ni uzao wa waliofika na wa walioachwa, wala hatujui tena nani ni wa upande gani. Tukiinua nyumba mpya tunaimba kizingiti. Tukizika tunaimba bega, tumesimama karibu karibu. Na mwimbaji wa Isuvila akiliweka zeze chini akasema amechoka, awe mkubwa au mdogo, hakuna amwombaye wimbo mwingine. Tunampa maji, tunamwacha akae.