Kimo cha Trela la Magala

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, bali hii ya juzi tu, malori yakiwa yameshafika kaskazini lakini lami bado, aliishi mwanamke wa Kiborana aitwaye Diramu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, mtu wa kuamua. Akisema jambo limekwisha, limekwisha. Na alikuwa na farasi jike wa rangi ya hudhurungi, jina lake Magala. Katika mji mzima hapakuwa na farasi mrefu kama Magala, wala mwenye mbio kama zake.

Lakini Magala hakuwa na bahati ya uzazi. Mimba ya kwanza, mtoto alikwama akafa. Mimba ya pili, mtoto alikwama akafa, na Magala mwenyewe akaponea chupuchupu. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Daktari wa farasi aliyekuwa akiishi kusini, mwendo wa siku mbili, alituma ujumbe: "Mleteni mapema, mwezi mzima kabla ya siku zake. Na mtu anayemjua alale karibu naye, maana farasi mwenye hofu hazai vizuri."

"Mtu huyo ni mimi," alisema Diramu.

Basi, angempelekaje? Mwaka uliotangulia jirani yake alimpakia farasi kwenye lori la ng'ombe, farasi akaanguka njiani, mguu ukavunjika, wakamchinja kando ya barabara. Diramu hakutaka kusikia habari ya lori la ng'ombe. Alitaka trela lake mwenyewe: nyuma farasi, mbele chumba cha mtu, chenye kitanda, jiko na pipa la maji, na kidirisha katikati ili yeye amwone Magala na Magala amwone yeye.

Akaenda gereji kwa Kibiwott, fundi wa kuchomelea. Kibiwott alikuwa mtu wa mikono, si wa maneno. Aliuliza swali moja tu.

"Kimo chake, mama? Ndani, kutoka sakafuni hadi darini, futi ngapi?"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Baba yake mkubwa Diramu, mzee Galgalo, alikuwepo. Ndiye aliyemlea Magala tangu anyonye, na hakuna aliyewajua farasi kumzidi. Alisema, "Futi nane. Watu hupima farasi begani, kisha wanashangaa akigonga kichwa. Mimi nampima akiwa ameshtuka, shingo juu, masikio juu. Huyu ana mimba. Akigonga utosi ataanguka, na akianguka tumewapoteza wawili. Futi nane, apate na hewa."

Mutinda, dereva ambaye ndiye angelivuta trela kwa gari lake, naye alikuwepo. Alikuwa ameipita barabara ile ya kusini mara zisizo na hesabu. Alisema, "Futi saba, mzee. Kuna daraja la reli kabla ya mji wa daktari, barabara inapita chini yake. Nimelipima kwa mkono wangu: futi tisa na nusu kutoka chini. Sakafu ya trela ina futi mbili. Ongeza nane, ni kumi. Tutapitaje? Na kule kwenye mteremko kuna upepo wa ubavuni, kitu kirefu kinalala. Farasi anaweza kuinamisha kichwa. Daraja haliinami."

"Na mto?" akauliza Galgalo. "Si kuna kivuko cha mto, mtu hupita bila kufika darajani?"

"Kipo, mvua isiponyesha."

"Hatutangoja mvua. Tutapita mtoni."

Galgalo alisema nane. Mutinda alisema saba. Kibiwott alifungua mdomo aseme kitu, na Galgalo akamkatiza: "Wewe, mwanangu, chomelea tu."

Diramu aliwatazama wote watatu, akaweka mkono kiunoni. "Sikilizeni. Mimi namtaka Magala arudi mzima. Mtoto, sijui kama nitamwona, wawili sikuwaona. Lakini akizaliwa hai, ni wake yule ambaye neno lake juu ya kimo hiki litatufikisha salama. Mmesikia?"

Wakasikia. Ilikuwa ahadi nyepesi siku ile, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba mtoto angeishi. Kisha Diramu akakata shauri: "Futi nane, kama alivyosema baba mkubwa." Galgalo akaenda msituni, akakata ufito ulionyooka, akaumenya, akaupima futi nane kamili, akampa fundi. "Ukimaliza nitakuja kuusimamisha ndani. Usipogusa dari, utabomoa uanze upya."

Kibiwott akaupokea ufito.

Wiki tatu baadaye trela lilikuwa tayari, limepakwa rangi ya kijani. Galgalo akaingia, akausimamisha ufito wake kwenye sakafu. Ncha yake ikagusa sponji nene ambayo fundi alikuwa ameibandika darini. Mzee akatabasamu. Diramu akajaribu kitanda, akafungua kidirisha na kukifunga. Magala akapandishwa; akanusa kuta, akatulia. Mutinda akatikisa kichwa na kusema, "Haya, tutapita mtoni," akawasha gari. Galgalo alikaa mbele pamoja naye. Diramu alipanda kwenye chumba chake, awe karibu na farasi.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Siku ya pili, mchana, wakiwa katikati ya mteremko, mawingu yakafunga na mvua ya mawe ikashuka. Bati la trela likalia kama linapigwa kwa nyundo mia. Diramu akakimbilia kidirishani. Magala alikuwa ametoa macho. Akarusha kichwa juu kwa nguvu zake zote, masikio yakazama kwenye sponji, utosi ukafika pale pale kwenye sponji ukasimama. Hakugonga. Akarusha tena. Hakugonga. Upepo ukalipiga trela ubavuni, likayumba, likarudi.

"Tulia, mama. Tulia, niko hapa," Diramu alimwambia, mkono wake umepenya kidirishani hadi kwenye shavu la farasi. Na moyoni akasema: kumbe nilifanya vizuri kumsikiliza baba mkubwa. Dari lingekuwa la futi saba, sasa hivi ningekuwa natazama mzoga.

Mvua haikukatika. Walipofika bondeni, kivuko cha mto kilikuwa kimeshafunikwa. Maji mekundu yalikuwa yakibeba magogo. Mutinda akageuza gari na kuishika barabara ya darajani. Nyuma yao mto ulikuwa umeanza kutoka kingoni, maji yanatambaa barabarani yakiwafuata. Wakafika kwenye daraja la reli, na Mutinda akazima injini, akashuka.

"Mwisho wetu ndio hapa," alisema. "Futi tisa na nusu. Sisi tuna kumi. Mbele hatupiti, nyuma ni maji."

Diramu akashuka, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Alilitazama daraja, akalitazama trela. Hakulia wala hakumlaumu mtu.

"Leta tepu," alisema. "Pima."

"Nimeshakuambia, dada, ni kumi."

"Pima, kaka Mutinda. Nataka kujua tumezidi kiasi gani, tujue cha kukata."

Mutinda akapanda juu ya gurudumu, akashusha tepu kutoka paa la trela hadi chini. Akaitazama. Akapima tena.

"Tisa na robo," alisema taratibu.

"Haiwezekani!" Galgalo akaruka. Akauchomoa ufito wake mahali ulipokuwa umefungwa, akaupandisha ndani, akausimamisha. Uligusa dari. "Mnaona? Nane hizo! Tepu yako imekufa."

Mutinda akaulaza ufito chini ya mlango, akaupima. Futi saba na nusu. Akaugeuza ncha. Upande mmoja ulikuwa na alama za panga la mzee. Upande wa pili ulikuwa umekatwa kwa msumeno, laini, kisha ukapakwa masizi ufanane na wa zamani. Wakainama kutazama chini ya trela. Sakafu nayo ilikuwa imeshushwa ikakaa katikati ya magurudumu, futi moja na nusu kutoka chini, si mbili.

Mzee Galgalo akaunyakua ufito. "Fundi ameukata ufito wangu. Ameukata, akanirudishia mkononi, akanitazama nikitabasamu kama mtoto mchanga!"

Diramu naye alihisi damu ikimpanda usoni. Ni yeye aliyeamuru futi nane. Neno lake lilikuwa limetupwa jaani, na fundi hakumwambia. Lakini maji yalikuwa yameshaanza kupanda miguuni.

"Hasira tutazikuta mbele," alisema. "Kaka Mutinda, endesha. Baba mkubwa, panda ukae na Magala. Mimi natembea mbele natazama juu."

Akatembea kinyumenyume chini ya daraja, mkono juu, akiita: "Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Simama! Haya, njoo." Chuma cha paa kikapita chini ya chuma cha reli kwa nafasi ya vidole vinne. Gari likatoka upande wa pili, likapanda kilima, na walipogeuka kutazama, barabara waliyotokea ilikuwa mto.

Kwa daktari, Diramu alilala kwenye chumba chake cha trela wiki nne, kidirisha wazi. Asubuhi moja Magala akaanza kuhangaika. Daktari, mama mmoja mwenye mikono mirefu na utulivu mkubwa, alimkuta mtoto amekunja mguu mmoja nyuma. Akaunyoosha. Kabla jua halijawa kali, mtoto alikuwa amesimama juu ya miguu minne inayogombana, hudhurungi kama mama yake, jike, na paji la uso jeupe. Diramu, ambaye hakulia darajani, alikaa chini kwenye majani makavu akalia.

Walirudi nyumbani barabara ilipokauka. Mji mzima ulikuja kumwona mtoto wa Magala. Na wale watatu wakaja.

Wa kwanza kusema alikuwa Galgalo. "Mwanangu, uliona kwa macho yako kichwa kilipopanda. Mutinda alitaka saba. Angesikilizwa Mutinda, farasi angekufa mteremkoni na leo tusingekuwa na mtoto wa kumgombea. Nani alisema tupime shingo ikiwa juu? Ni mimi. Fundi aliiba nusu futi kutoka kwenye nane yangu. Isingekuwepo nane, angeiba wapi? Mtoto ni wangu."

Mutinda akasema, "Dada, mzee amesahau daraja. Angesikilizwa yeye, tungekwama na futi kumi zetu, na maji yangetuchukua sote, farasi na watu. Nani alisema kuna daraja? Nani alilipima? Fundi alishusha sakafu kwa sababu alinisikia mimi. Na juu ya hayo, niliyeendesha katika upepo ule ni mimi, na trela nililolikataa. Mtoto ni wangu."

Kibiwott alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa mfukoni kipande cha ufito, nusu futi, akakiweka mbele ya mzee.

"Mzee, nilikata. Sikatai," alisema. "Kabla ya kujenga nilikuja zizini alfajiri, nikatikisa kibuyu cha mahindi, Magala akainua shingo, nikapima. Saba ilikuwa ndogo. Nane ilikuwa kubwa. Nilitaka kusema siku ile mkaniambia nichomelee tu. Ningebisha, mngelipeleka trela kwa fundi mwingine, naye angewajengea nane mnazozitaka. Mutinda alilijua daraja, hakumjua farasi. Wewe ulimjua farasi, hukulijua daraja. Trela lililowapitisha chini ya reli halikuwa la neno la mtu. Lilikuwa la mikono hii."

"Ulinidanganya," alisema Galgalo.

"Ndiyo, mzee."

"Na kama ungekosea? Kama Magala angekuwa mrefu kuliko ulivyopima? Sisi tungekuwa tumepanda humo tukidhani tuna futi nane!"

"Sikukosea, mzee."

"Aliyekata ufito wangu leo, kesho atakata nini?"

Fundi akamgeukia Diramu, na wote wakamgeukia Diramu.

Diramu alikuwa mtu wa kuamua, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, uamuzi ulipomwia mgumu. Alikuwa ameahidi mtoto kwa yule ambaye neno lake lingewafikisha. Galgalo alitoa neno, likawa kubwa mno. Mutinda alitoa neno, likawa dogo mno. Kibiwott hakutoa neno lolote. Alinyamaza, akadanganya, akapatia. Akimpa fundi, atakuwa amemlipa mtu kwa kumdharau mzee na kuivunja amri yake mwenyewe. Akimnyima, atakuwa amemnyima yule aliyejenga kimo kilichowaokoa. Na mtoto wa Magala alikuwa pale uani, anarukaruka kuzunguka trela la kijani, wala hajui kwamba anagombewa.

Alisimama, akafungua lango la zizi, akamshika mtoto shingoni kwa upole, akawageukia wale watatu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimulia na nimeifanya. Lango li wazi na mkono wa Diramu uko shingoni mwa mtoto. Ampeleke kwa nani: kwa mzee aliyempima farasi, kwa dereva aliyeipima njia, au kwa fundi aliyeukata ufito? Je, nani alistahili?