Hata Ukungu Huitikia "Tupo"

"Hata ukungu huitikia 'Tupo'." Mnacheka? Mwenyekiti wenu mpya kawauliza, "Tuko pamoja?" nanyi mkabweka, "Pamoja!" bila hata kujua mnakubali nini. Ndiyo maana nikaisema. Haya, methali hii ilianza hivi, na anayetaka kucheka atoke nje.

Wafinyanzi wa ziwani walikuwa wakipandisha vyungu milimani kwenda kuuza. Njia ilikuwa nyembamba, korongo kando, na mwenye chungu kichwani hageuki nyuma. Kwa hiyo aliyetangulia aliuliza, "Mpo?" na kila mmoja akataja jina lake, hadi wa mwisho.

Ambilikile alipopewa kuongoza mara ya kwanza, majina yalimchosha. Hodari alikuwa, lakini kiburi, jamani! "Itikieni 'Tupo' kwa pamoja, twende haraka." Lugano, shemeji yake aliyemfuata, akaweka chungu chake sawa kichwani. Subilaga, mke wa Lugano na dada yake Ambilikile, akasema, "Kaka, utatujuaje?" Akaambiwa afunge mdomo.

Ukungu ukashuka.

"Mpo?"

"Tupo!"

Akaongeza mwendo. Kila akiuliza, sauti zilizidi kulingana, tamu, hakuna anayekohoa wala kuhema. Tangu lini watu wakapanda mlima bila kuhema? Akatua chungu, akageuka. Njia tupu.

"Mpo?" akanong'ona.

"Tupo," sauti ikajibu, kutoka korongoni.

"Subilaga!"

Kimya.

Akarudi mbio, akiita jina moja moja. Mara akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza taratibu ndani ya ukungu, "Mpo?" na watu wake wakiitikia, wakiifuata kuelekea ukingoni.

"Subilaga, simama!"

"Nani wewe?" dada akauliza. "Kaka yuko mbele, anatuita."

"Huyo kakuita kwa jina?"

Subilaga akasimama. Mguu wake ulikuwa umeanza kutafuta ardhi, na ardhi haipo. Wakashikana mikono, wakataja majina. Jina moja likakosa mwenyewe.

"Lugano alikuwa mbele yangu," Subilaga akasema. "Sasa hivi tu."

Ambilikile akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo hakuongoza msafara bila kuuliza majina, hata mvua inyeshe, hata watu wanune. Kila aliyemharakisha, yeye alimsimulia jinsi siku ile alivyolala kifudifudi ukingoni, akaita, "Lugano! Lugano!" na chini kabisa sauti tamu ikamjibu, "Tupo."

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Hata ukungu huitikia "Tupo".