Jiwe la Chemchemi na Mtoto wa Mia na Moja

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa tena!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Wakubwa nanyi sogeeni, msijifanye mnasikiliza kwa ajili ya watoto. Hadithi hii inawahusu ninyi zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama tunavyosemezana sisi, palikuwa na bonde dogo lenye chemchemi moja. Upande huu majani, upande ule vichaka. Ng'ambo ya bonde palikuwa na Nyika ya Chumvi. Huko hapakuwa na tone la maji. Aliyekwenda huko hakurudi.

Asubuhi moja wanyama wakaenda kunywa, wakakuta jiwe. Jana halikuwapo, leo lipo! Refu kumpita Twiga, limesimama wima kando ya maji, limechongwa maneno. Nani kalileta? Hakuna ajuaye. Mpaka leo hakuna ajuaye, na mtu akikuambia yeye anajua, mwambie akuonyeshe patasi.

Korongo, ndege aliyetembea nchi nyingi akajifunza kusoma, akanyoosha shingo akasoma:

"La kwanza: msikoroge maji ya mwenzenu. La pili: mwenye nguvu asimfukuze mnyonge. La tatu: semeni kweli hata ikiwauma. La nne: wa bonde hili msizidi mia."

Pakazuka ubishi. Hawa wakasema jiwe lina hekima, bonde dogo na maji haba. Wale wakasema jiwe lina hila, kwani aliyelichonga mbona hakutaja jina? Kiboko akapiga mwayo.

"La kwanza gumu," akasema. "Mimi nalala majini. Nisikoroge, nilale wapi?"

"La pili nalo lina maneno mengi," akasema mwingine.

"La nne ndilo jepesi," akasema Ngiri. "Ni kuhesabu tu."

Jepesi kwa nani? Ngiri hakuuliza. Akahesabu. Mia na moja! Wa mwisho kufika alikuwa Nyumbu mzee, mwenye mguu mmoja mbovu. Ngiri akamsukuma kwa meno yake yaliyopinda. Wengine wakatazama miguu yao. Kwatu... kwatu... kwatu... Nyumbu akaishilia Chumvini. Jioni wanyama wakaambiana, "Maskini, alijiendea mwenyewe."

Tangu siku hiyo Ngiri akawa mhesabu. Kila asubuhi alizunguka bonde, mkia juu, akiimba:

"Jiwe limesema, jiwe limesema!
Aliyelivunja, njia ya Chumvi!"

Sasa, katika bonde hilo alikuwapo Bi Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, makucha ya kuchimba kama jembe. Kwaru, kwaru, kwaru, shimo tayari! Mashimo yote ya bonde alichimba yeye. Hata Ngiri, bwana mkubwa, alilala katika shimo la Bi Muhanga, akiingia kinyumenyume kama kawaida yake.

Na Bi Muhanga alikuwa mjamzito.

Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto hana manyoya, ngozi imekunjamana, masikio yamelala. Bi Muhanga akamtazama akaona hapajapata kuzaliwa mzuri kama huyu.

Desturi ya bonde ilikuwa hii: mzazi hukaa ndani siku arobaini, na mwanamume hapiti mlangoni mwake. Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, akachovywa chemchemini, akahesabiwa. Kabla ya hapo hana hesabu.

Siku ya kwanza Ngiri akasimama mbali kidogo na shimo.

"Bi Muhanga! Hongera ya uzazi."

"Ahsante, jirani."

"Sisi tuko mia."

Bi Muhanga akamvuta mtoto karibu.

"Siku za mwizi ni arobaini," akasema Ngiri. "Na za mzazi ni arobaini. Nitangoja."

Jamani, huyo ni jirani! Analala katika shimo la mama, anamhesabia mama siku.

Siku ya tano. Siku ya kumi. Siku ya ishirini. Bi Muhanga hali, halali. Akawaza: akifa mmoja, mwanangu anapata nafasi. Basi akaanza kusikiliza. Punda Milia mzee alikuwa anakohoa kila alfajiri. Koho! Koho! Bi Muhanga akatega masikio yale marefu. Leo kikohozi kimezidi. Ah, vizuri. Leo kimezidi tena. Vizuri zaidi.

Siku ya thelathini kikohozi hakikusikika. Kimya. Moyo wa Bi Muhanga ukaruka kwa furaha. Kisha akajishtukia. "Mimi huyu, namshangilia mwenzangu kufa?" Akaiogopa nafsi yake kuliko alivyomwogopa Ngiri.

Mara sauti ikaita kutoka mbali, nje ya shimo.

"Mwanangu Muhanga, hodi. Ni mimi Punda Milia. Nimesikia kwamba nikifa mimi, mjukuu wangu, huyo mwanao, atakunywa maji. Nimejaribu, mama. Lakini kikohozi kimeniacha. Unisamehe."

Bi Muhanga akalia. Alilia mpaka mtoto akaamka, naye akalia, nyee! nyee! Wakalia wote wawili.

Siku ya thelathini na tisa hakulia tena. Alikuwa anafikiri.

Siku ya arobaini, jua limechomoza, wanyama wote mia wamekusanyika chemchemini. Ngiri amesimama chini ya jiwe, ameyanoa meno. Bi Muhanga akaja na mtoto, akamlaza kivulini mwa jiwe.

"Mia na moja," akasema Ngiri. "Mtoto, njia ya Chumvi."

"Sawa," akasema Bi Muhanga. "Kaka Korongo, nisomee jiwe."

"Si ulikwisha kusomewa?"

"Nisomee tena. Anzia juu."

Korongo akasoma la kwanza: msikoroge maji ya mwenzenu. Wote wakamgeukia Kiboko, tope mpaka masikioni. Kisha kila mmoja akatazama miguu yake. Kulikuwa na tope kwenye kila mguu.

Korongo akasoma la pili: mwenye nguvu asimfukuze mnyonge.

"Hapo nitajitaja mimi," akasema Bi Muhanga. "Nyumbu alipofukuzwa, nilikuwapo. Nina makucha haya. Sikunyanyua hata moja. Na la tatu nimelivunja pia, maana jioni ile nilisema pamoja nanyi kwamba alijiendea mwenyewe. Ngiri, wimbo wako unasemaje?"

Ngiri akarudi nyuma hatua moja.

"Imba, jirani. Kila asubuhi unaimba."

"Aliyelivunja," akasema Ngiri polepole, "njia ya Chumvi."

"Basi mimi natangulia. Aliyelivunja na anifuate. Mwanangu hajakanyaga maji, hajamfukuza mtu, hajasema uongo. Yeye atabaki."

Akageuka. Akaenda, hakutazama nyuma. Nyuma yake akasikia kwatu, kwatu. Punda Milia. Kisha pwaa! Kiboko anatoka majini. Akafuata Twiga, wakafuata swala. Korongo naye, kichwa chini. Ngiri akabaki peke yake, akaanza kuhesabu waliobaki bondeni.

"Mmoja," akasema, akimtazama mtoto. Akajitazama yeye. Akayaona meno yake, yale yaliyomsukuma Nyumbu. Hakuendelea kuhesabu. Naye akaondoka, mkia chini.

Wakasimama mpakani mwa Chumvi, mia nzima. Na kule chemchemini mtoto mmoja, maji yote yake, bonde lote lake. Hajui kutembea. Hajui kunywa. Jua linapanda, kivuli cha jiwe kinamwacha.

Nyee! Nyee!

Hakuna aliyethubutu kurudi, maana anayerudi anajiita msafi. Bi Muhanga akadidimiza makucha ardhini.

Nyee!

"Mtoto ana kiu," akasema Ngiri. "Jamani, Nyumbu hakujiendea. Nilimsukuma mimi. Alinisihi, 'Ngiri mwanangu, mguu wangu,' na mimi nikamsukuma. Turudini. Mtoto ana kiu!"

Wakarudi mbio, vumbi juu. Bi Muhanga akamchovya mwanawe chemchemini, na Kiboko akasimama nje ya maji mpaka mtoto alipomaliza kunyweshwa. Wakampa jina Mia na Moja.

Kisha wakaenda Chumvini, wakaokota mifupa ya Nyumbu, ambaye kwa mguu ule hakufika mbali, wakaizika chini ya jiwe. Kaburi alichimba Bi Muhanga. Udongo alibeba Ngiri.

Na jiwe je? Lipo. Hawakulivunja. Mwaka wa ukame walikaa wakazungumza juu ya la nne, lakini kwanza kila mmoja aliulizwa juu ya la kwanza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Msimwambie Ngiri kwamba nimeisema methali hiyo. Fundisho ni hili: ukitaka kushika sheria, anza na ile inayokubana wewe, ndipo ufike kwa ile inayombana mwenzako.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya maji, Mia na Moja akijikuna mgongo kwenye jiwe. Mwenye kiu na anywe, ila asikoroge.